Nepi Saizi ya Kwanza

Siku Meneja alipowaita wafanyakazi wote kantini kuwaambia kwamba watu hawazai, hakuna aliyepata kiti. Viti vilikuwa vimeondolewa mwezi uliopita katika mpango wa kubana matumizi, baada ya kugundulika kwamba anayekula wima hachelewi kumaliza.

"Ndugu zangu," Meneja alisema kwenye kipaza sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na koo lake kubwa, "oda zinashuka. Zinashuka kwa nini? Watu hawazai! Vijana wa siku hizi wanataka starehe. Wanataka simu. Ukimwambia azae anakwambia mtoto ni gharama. Sasa nawauliza, mtoto asipozaliwa, nepi avae nani? Nivae mimi?"

Wakacheka wote, maana utani wa bosi huchekwa hata kabla haujaisha. Kiwanda kilikuwa cha nepi, na tangu mwaka uanze maghala yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi.

"Kwa hiyo kampuni inawaomba mzae," Meneja aliendelea. "Mfanyakazi atakayezaa atapata nepi za bure mwaka mzima, na picha yake itabandikwa getini. Tuwe mfano kwa jamii!" Kisha akatazama saa, akawakumbusha kwamba muda wa hotuba utafidiwa jioni.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamke waliyemwita Mkaguzi. Jina lake halisi lilikuwa linatumika siku ya mshahara tu. Kazi yake ilikuwa kukagua nepi za saizi ya kwanza, zile za watoto wachanga: kuvuta lastiki, kujaribu gundi, kupitisha kidole pale kiunoni pasije pakamchubua mtoto wa watu. Alikuwa na miaka arobaini na hakuwa na mtoto, wala si kwa ajili ya starehe. Starehe yenyewe angekutana nayo wapi, ikiwa mumewe mwenyewe alikutana naye getini?

Maana mumewe, Fundi, alikuwa mtengenezaji wa mitambo wa kiwanda kilekile, zamu ya usiku. Mke aliingia saa kumi na mbili asubuhi akatoka saa kumi na mbili jioni, na mume aliingia saa ile mke anayotoka. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa kanuni ya kampuni: wanandoa wasiwekwe zamu moja, ili mtoto wao akiugua, zamu isipoteze watu wawili kwa mpigo. Mtu aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa amewafikiria watoto sana.

Jioni hiyo, kama jioni zote, mlinzi mzee wa getini alimfungua Mkaguzi mkoba na kupekua. Kulikuwa na akina mama waliowahi kupatikana na nepi kifuani, wakafukuzwa kazi.

"Leo umeiba?" mlinzi aliuliza.

"Niibe nimvalishe nani?"

Mzee akacheka. Alicheka kila jioni, kwa jibu lilelile, na Mkaguzi hakuwahi kumchukia kwa hilo.

Fundi alikuwa anamngoja nje ya geti na ufunguo mkononi. Nyumba yao ilikuwa na ufunguo mmoja. Wa pili mwenye nyumba aliuahidi tangu siku walipohamia, na kwa kuwa hawakuwahi kuuhitaji wote wawili kwa wakati mmoja, hawakumsumbua.

"Umekula?" mke aliuliza.

"Nitakula ndani. Umechoka?"

"Kama kawaida. Maji yalitoka?"

"Yalitoka. Nimejaza ndoo zote."

Wanandoa wengine huambiana nakupenda. Hawa waliambiana nimejaza ndoo, na maana ilikuwa ileile.

"Meneja anasema tuzae," Mkaguzi alisema, akipokea ufunguo.

"Lini?"

"Hakutaja siku."

"Kamuulize basi. Isije ikawa Jumatano, halafu wewe umelala." King'ora kikalia, Fundi akakimbia, na ndoa ikawa imekwisha kwa siku hiyo.

Jumatano ulikuwa usiku wa mapumziko wa Fundi. Usiku mmoja kwa wiki walikuwa nyumbani wote wawili, na ndani ya usiku huo walitakiwa kufua, kupanga bajeti, kugombana ugomvi wa wiki nzima, kupatana, na ikibaki nafasi, kuongeza idadi ya watu duniani. Kwa kawaida Mkaguzi alishikwa na usingizi kwenye kufua.

* * *

Mama mkwe alikuja bila taarifa. Alikuja kutafuta kosa la kukosa mjukuu ni la nani, na njiani alikwisha kuamua ni la mkwe. Wakamtandikia godoro sakafuni, nyuma ya pazia, maana chumba kilikuwa kimoja na pazia ndilo lililokifanya kiitwe viwili.

Kwa siku mbili hakusema neno. Alitazama. Aliona kitanda kinatandikwa alfajiri na mke, kinavurugwa asubuhi na mume, kinatandikwa jioni na mume, kinavurugwa usiku na mke. Shuka haikupata hata nafasi ya kupoa. Siku ya tatu, Mkaguzi alipokuwa anakoroga uji kabla ya kwenda kazini, mama mkwe alijikohoza.

"Mkwe, nikuulize jambo la kiutu uzima?"

"Niulize, mama."

"Mwanangu huwa anapanda kitandani?"

"Anapanda, mama."

"Saa ngapi?"

"Mimi nikishatoka."

Mama mkwe alitafakari. "Na wewe unapanda saa ngapi?"

"Yeye akishatoka."

"Basi hicho si kitanda, mwanangu. Hicho ni kituo cha basi." Akajifunga upya nguo yake kiunoni. "Mimi nilizaa saba. Baba yao alikuwa mlevi, mvivu, hana mbele wala nyuma. Lakini usiku alikuwepo."

Ilikuwa Jumatano. Jioni ile mama mkwe alijifanya ana mazungumzo marefu na jirani, akabeba godoro lake akaenda kulala huko, jambo ambalo mtu mzima halifanyi bila sababu. Asubuhi alirudi mapema, uso umemchangamka, akamkuta mkwe mlangoni anavaa viatu.

"Haya, vipi?"

"Nililala, mama. Nilisinzia na kijiko mkononi."

"Na mwanangu?"

"Alinifunika shuka. Akakaa kunitazama mpaka kulipokucha. Yeye usiku halali, amezoea."

Mama mkwe aliyekuja kutafuta mkosaji alikaa kitako kizingitini. Mkaguzi akamweleza yote pale pale, mkoba begani. Kwa daktari walikwenda, wakapimwa wote, wakaonekana wazima. Daktari aliwaambia dawa yao ni kulala pamoja siku zinazofaa, miezi kadhaa mfululizo, wala wasikawie, maana umri haumngoji mtu. Tangu hapo Mkaguzi alizihesabu siku zake zinazofaa, nazo zilikuwa na tabia ya kuangukia Ijumaa.

"Kwani kazi hawawezi kuwapa pamoja?" mama mkwe aliuliza.

"Leo nakwenda kuomba, mama."

* * *

Afisa Utumishi alikuwa na ofisi yenye feni, na mlango ambao haukuwahi kufungwa, kwa ajili ya uwazi. Nje ya mlango walikaa makarani watatu, na Mkaguzi alipoanza kueleza shida yake kwa sauti ya chini, mashine zao za kuchapia zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Sema kwa sauti, dada, feni inanizibia," Afisa alisema.

"Naomba mimi na mume wangu tuwekwe zamu moja."

"Kanuni hairuhusu wanandoa. Mtoto akiugua, zamu itapoteza watu wawili."

"Hatuna mtoto."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tunaomba zamu moja ili tumpate."

Karani mmoja akakohoa. Afisa akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeona mtego.

"Na mkimpata?"

"Tutashukuru."

"Mkimpata, kanuni inawatenganisha. Unaona ugumu wangu? Unataka nitoe kibali cha jambo ambalo likifanikiwa tu, linavunja kanuni."

"Akishapatikana tutenganisheni hata miaka kumi. Ni kumpata tu."

"Mna ugonjwa?"

"Hapana. Daktari anasema tuko wazima."

"Hapo ndipo unaponifunga mikono," Afisa alisema kwa huruma ya kweli. "Mngekuwa wagonjwa ningewasaidia. Wagonjwa wana kifungu chao. Wazima hawana." Akainama mbele. "Lakini si mnayo Jumatano? Nikuulize kama dada yako: hiyo Jumatano mnaitumiaje?"

Mashine za makarani hazikusikika hata kidogo. Mkaguzi alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

"Tunafua," alisema.

Alitoka akiwa na hamu ya kulia, kilio cha kukaa chini na kuegemea ukuta, lakini ruhusa aliyopewa ilikuwa ya nusu saa, akaona kilio kitamchelewesha mezani. Alirudi kuvuta lastiki za viuno vya watoto wa watu.

* * *

Mama mkwe alisikia habari hizo jioni, akauliza tu Meneja hufika kazini saa ngapi. Kesho yake aliamka kabla ya mkwe, akavaa nguo yake ya safari, wakaongozana.

"Bibi, unatafuta kazi?" mlinzi mzee alimuuliza getini.

"Natafuta mjukuu."

Zamu ya mchana ilikuwa kwenye foleni ya kuingia, zamu ya usiku kwenye foleni ya kupekuliwa, na katikati yao gari la Meneja likaja likisukuma watu kwa honi. Mama mkwe akasimama mbele yake. Dereva alipiga honi, kisha akaacha, kwa sababu honi haina heshima ya kutosha kwa mtu wa umri ule. Meneja akashusha kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayelala na mwanangu kila usiku?"

Foleni mbili zikageuza shingo. Fundi, aliyekuwa ameinua mikono apekuliwe, aliishusha taratibu akatamani ardhi ipasuke.

"Mama, sijakuelewa."

"Mwanangu ana mke. Lakini usiku halali kwa mkewe, analala kwako, tena halali, unamfanyisha kazi. Halafu nasikia unawaambia wazae. Nimekuja kumwombea ruhusa, baba. Alale kwake. Nakupigia magoti ukitaka."

Akaanza kweli kupiga magoti, na hapo ndipo Meneja alipotoka garini haraka kumwinua, kwa sababu mtu mmoja kwenye foleni alikuwa ameshatoa simu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwepesi wa kuona fursa, na alipomshika yule mama mkono, simu zikielekezwa kwake, aliona fursa kubwa.

"Mwezi mmoja!" alitangaza. "Kampuni inampa Fundi zamu ya mchana mwezi mzima, akae na mkewe. Sisi tunajali familia!"

Watu wakapiga makofi. Mkaguzi alimwangalia mumewe kupitia waya wa geti, na mumewe akamwangalia, na ilikuwa kama wanaozwa upya mbele ya mashahidi mia tatu. Mama mkwe alipanda basi kurudi kwake siku ileile, akisema kazi yake imekwisha, iliyobaki si ya kusimamiwa.

* * *

Msimamizi wa zamu ya mchana walimwita Bwana Lengo, kwa sababu hakuwa na neno jingine. Asubuhi ya kwanza alipita mezani kwa Mkaguzi mikono nyuma.

"Mkaguzi, lengo la mwezi huu vipi?"

"Tumeanza jana tu, bosi."

"Tusingoje mwisho wa mwezi. Anayengoja mwisho wa mwezi hufeli."

Kila mtu alikuwa na ushauri. Wanawake wa kufungasha walimwambia ale hiki aache kile. Vijana wa ghala walimpigia Fundi saluti kila akipita na spana. "Fundi, mtambo umewaka?" waliuliza, na Fundi, mtu mpole asiyejua kujibu mzaha, alisema mtambo uko salama, naam, akimaanisha mtambo, wakaangua kicheko.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko walivyotarajia. Mke alikuwa amezoea kitanda kizima, akampiga mumewe mateke usiku kucha. Mume alikuwa amezoea kuwa macho, akaamka usiku wa manane akatengeneza bawaba ya mlango, mguu wa meza, redio ambayo haikuwa imeharibika. Walikwaruzana. Waligundua kwamba mmoja hutafuna kwa kelele na mwingine hukunja uso anapofikiri. Miaka yote ya ndoa walikuwa wameishi na harufu ya mwenzao kwenye mto. Mwenyewe, pamoja na viwiko vyake, alikuwa mgeni.

Wiki ya pili Fundi alijifunza kulala. Wiki ya tatu, usiku mmoja umeme ulikatika, wakakaa gizani wakizungumza habari zisizo na maana yoyote: mwalimu aliyemchapa Fundi akiwa mdogo, mbwa aliyekuwa wa kina Mkaguzi, jina la mtoto akiwa wa kike. Mkaguzi alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo alipogundua kwamba anampenda mume huyu, jambo ambalo kwa miaka alikuwa analiamini tu bila kuliona. Alimshika mkono, na hakusinzia.

Mwezi ukaisha. Fundi alirudi usiku, ufunguo ukarudi getini. Na siku ambayo Mkaguzi alitarajia damu yake, damu haikuja.

Alingoja wiki. Akangoja ya pili. Alimpigia simu mama mkwe, na kigelegele kilichotoka kwenye simu ile kilisikika hadi kwa mwenye nyumba. Kazini alimwambia mwenzake wa meza tu, kwa siri, na siri ya watu wawili kiwandani hufika kwa Bwana Lengo kabla ya chai.

"Lengo limetimia!" Bwana Lengo alisema, machozi yakimlengalenga. Alikuwa hajawahi kuona lengo linatimia.

Alasiri yake Meneja akaja na mpiga picha. Walimsimamisha Mkaguzi ukutani, wakampa pakiti ya nepi saizi ya kwanza aikumbatie, wakamwambia aweke mkono wa pili tumboni.

"Bosi, bado sijapima."

"Picha haipimi, mama. Tabasamu."

Akatabasamu. Hakulazimika kujikaza. Picha yake ikachapishwa kubwa kama mlango, ikabandikwa getini, na chini yake maneno mekundu: KAMPUNI YETU, FAMILIA YETU.

* * *

Daktari alikuwa yuleyule, na alikuwa hajalala tangu juzi. Alisoma majibu, akayasoma tena, akavua miwani.

"Si mimba, dada."

"Lakini damu imekoma."

"Imekoma, ndiyo. Huo ndio ukomo wa hedhi wenyewe. Wengine huwahi." Alisema taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuropoka. "Mwili wako umeanza kufunga. Sitaki nikudanganye."

"Ule mwezi tuliopewa?"

"Mwezi ule ungekuja miaka mitatu nyuma, pengine."

Mkaguzi alikunja mkoba wake magotini. "Kwa hiyo tumechelewa."

"Wengi wanachelewa. Hata mimi." Daktari akapiga mwayo, akaomba radhi, akavaa tena miwani. "Mke wangu ni muuguzi. Yuko zamu ya mchana."

Jioni Fundi alimngoja getini kama kawaida, chini ya picha ya mkewe.

"Daktari anasemaje?"

Mkaguzi alikuwa ameyapanga maneno njiani kutoka kwa daktari, mazuri, yenye kuanzia mbali. King'ora kilikuwa kinakaribia kulia na yakampotea yote.

"Hakuna mtoto," alisema. "Wala hatakuwepo."

King'ora kikalia. Watu wakampita Fundi wakikimbia, na yeye hakukimbia. Alisimama na ufunguo mkononi, mdomo wazi kidogo, akimwangalia mkewe halisi na yule wa ukutani anayetabasamu. Kisha akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya ndoa. Siku hiyo alikatwa nusu ya ujira kwa kuchelewa, na Afisa Utumishi alipoulizwa kama hali haiwezi kuangaliwa, alijibu kwamba msiba una kifungu chake, lakini lazima awepo marehemu.

Picha haikutolewa. Bwana Lengo alimwombea Mkaguzi kwa Meneja, kwa aibu, akiwa ameshika kofia mkononi, na Meneja akasema picha ni nzuri, gundi ni kali, ikibanduliwa itaacha doa ukutani. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni Mkaguzi alipita mbele ya tumbo lake mwenyewe.

* * *

Mwaka uliofuata Meneja aliwaita tena kantini. Safari hii alikuwa na furaha.

"Ndugu zangu, tulikuwa tunalilia soko lililokufa, kumbe soko lipo hai na linakohoa! Wazee! Mtoto anavaa nepi miaka miwili, anakuacha. Mzee anaweza kuvaa kumi, ishirini! Na wazee, ndugu zangu, hawapungui. Kila mmoja wenu humu ni mteja wa kesho."

Watu wakacheka kabla hajamaliza, wakaacha walipomwelewa.

Meza ya saizi ya kwanza ingefungwa Ijumaa. Mitambo mipya ingetoa nepi za watu wazima, na kwa kuwa ilikuwa ya kasi, zamu ya usiku ilifutwa. Afisa Utumishi akasoma tangazo la mwisho: kanuni ya wanandoa nayo imefutwa, kwani uchunguzi umeonyesha kwamba wafanyakazi wengi hawana watoto wa kuugua. Kuanzia Jumatatu, mume na mke wanaweza kufanya kazi zamu moja, hata meza moja wakitaka.

"Hongereni," mwenzake wa meza alimnong'oneza Mkaguzi, kisha akauma mdomo.

Ijumaa, zamu ya usiku iliitwa mchana kujifunza mitambo mipya, na jioni Fundi na mkewe wakapanga foleni ya kutoka pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ule mwezi. Kila mfanyakazi alibeba zawadi ya kampuni, pakiti ya nepi za watu wazima, na kila mmoja alijua la kufanya nayo: kuiweka juu ya kabati mpaka siku yake. Nani angekuja kumvalisha siku hiyo, Meneja hakugusia.

Mlinzi mzee alikuwa amestaafishwa. Badala yake alisimama kijana mgeni wa kampuni ya ulinzi, viatu vinang'aa, wiki ya kwanza kazini.

"Hiyo pakiti ni ruhusa," alimwambia Mkaguzi. "Fungua mkoba."

Mkaguzi akafungua. Chini ya leso na kopo la chakula ilikuwepo nepi moja ya saizi ya kwanza, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameitoa mwishoni kabisa, nepi ya mwisho iliyopita mikononi mwake, baada ya kuvuta lastiki na kupitisha kidole kiunoni. Ilikuwa nzima, haina kasoro yoyote. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiba hata moja, na hata sasa hangeweza kumwambia mtu kwa nini ameichukua hii.

Kijana aliishika, akaigeuza. Akafungua mdomo amwite mkubwa wake. Kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye picha kubwa kama mlango, yakamrudia mwanamke aliye mbele yake. Uso ukamlainika.

"Ah! Kumbe ni wewe, dada." Akairudisha nepi mkobani haraka, akatazama huku na huku, akafunga zipu yeye mwenyewe. "Sijaona kitu. Mtoto hajambo?"

Foleni nzima nyuma yao ilikuwa inajua. Hakuna aliyethubutu hata kuhamisha mguu.

"Hajambo," Mkaguzi alisema.

"Na huyu ndiye baba?"

Fundi alimwangalia mkewe, ambaye hakugeuka. Akahamisha pakiti yake kwapani ili apate mkono mmoja huru.

"Ndimi," alisema.

"Haya, msalimieni."

"Zitafika," Fundi akasema. Akamshika mkewe mkono wakatoka getini. Walifika mpaka kwenye kona ya barabara ndipo Mkaguzi alipokumbuka kuomba ufunguo, na Fundi akamwambia hana haja nao, wanakwenda pamoja.